Mama Hakukanyaga, Alibebwa

Overby, mkesha wa Mtakatifu Mikaeli, 1148

Orm mdogo wangu,

Salamu sikuletei, sina. Nina swali moja tu: ile kamba uliishika au hukuishika?

Usijifanye hujui kamba gani. Wiki iliyopita, watu wangu wote wakiwa huku juu wanavuna shayiri, kanisa la Harskeld lilifungwa kamba kwenye boriti, likavutwa na ng'ombe mpaka likalala chini. Kanisa alilosomea Misa baba yetu, nami baada yake. Tuliona vumbi kutoka shambani. Wengine walidhani ni moto.

Nilinyamaza mliposhuka bondeni na huyo Abate wenu Warin, mmevaa majoho meupe kama kondoo waliooshwa, na wewe katikati yao, uliyeondoka kwetu kwenda shule ukaturudia unaitwa Simoni. Bwana Drogo, mwenye ardhi yote hii, alitaka kufutiwa dhambi zake, akawapa ninyi bonde letu. Dhambi zake, bonde letu! Kanuni yenu inasema mkae mbali na watu. Badala ya ninyi kwenda mbali, mkatupeleka sisi mbali, huku mlimani ambako jembe likigonga ardhi hutoa cheche. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Hapa mgeni kaja, mwenyeji kahama.

Lakini kanisa mlisema litabaki. Abate wako alisema kwa kinywa chake, nami nilikuwepo. Kosa letu ni kwamba siku ya Mtakatifu Oswaldi tulishuka kama kila mwaka, tukawaimbia wafu wetu na kunywa pombe pembeni ya makaburi yao. Eti kelele zetu zilivuruga zaburi zenu. Basi dawa ya kelele ikawa kubomoa kanisa.

Jana mama alishuka na fimbo yake kuangalia kaburi la baba. Bawabu akamwambia, "Mwanamke haingii humu, bibi." Mama akamwambia, "Mume wangu yumo." Akajibiwa, "Basi huyo anaingia, wewe huingii." Akakaa nje ya lango kwenye mvua hadi Bruda Ketil, mchungaji wa kondoo wenu, akampa gunia ajifunike. Mwanawe wa tumbo yuko ndani anaimba.

Nijibu kuhusu kamba.

Gamel, padri wa Harskeld, hata kama Harskeld hamjaiacha iwepo

*

Bonde la Nuru, sikukuu ya Mtakatifu Luka, 1148

Kwa Padri Gamel, kaka yangu kwa mwili,

Amani iwe kwako. Barua yako imesomwa na Baba Abate kabla haijanifikia, kama utaratibu wetu unavyotaka, na jibu hili pia litapita mbele ya macho yake. Amenipa ruhusa nikuandikie.

Kanisa limeondolewa kwa kibali cha askofu. Waumini wa Overby watajengewa kanisa lao siku zijazo. Makaburi hayajaguswa. Yapo katikati ya ua wetu wa ndani, majengo yameyazunguka pande zote nne, na hakuna mguu unaopita juu yake. Nasi kila siku tunatembea kandokando tukisali.

Kuhusu Sigrith, aliyenizaa: sheria ya kutoingiza mwanamke langoni haikutungwa kwa ajili yake. Hata malkia angerudishwa.

Baba Abate ameniagiza nikukumbushe pia kwamba padri hapaswi kuishi na mwanamke. Anakusihi umwache Gunnild, ili maombi yako kuhusu mambo mengine yapate kusikilizwa.

Kuhusu kamba, siku hiyo nilifanya kazi niliyopewa.

Mwambie mama avae soksi nzito. Mvua ya huku haiishi.

Ndugu Simoni

*

Overby, sikukuu ya Mtakatifu Martini, 1148

Orm,

Jina lako ni Orm. Alikupa baba, akakumwagia maji kichwani, ukalia kijiji kizima kikasikia.

Ila kwanza nina neno na msomaji mwingine. Abate Warin, kwa kuwa barua za watu unazisoma kabla ya wenyewe, vuta kigoda ukae. Gunnild ni mke wangu. Nilimwoa mlangoni pa kanisa ulilobomoa, na mashahidi wapo hai. Huyo ndugu unayemfundisha kuniandikia habari za wanawake wa mapadri, yeye mwenyewe ni mtoto wa padri. Kama Gunnild ni hawara, mama yake yeye ni nani? Nyani haoni kundule. Haya, nimemaliza na wewe. Nipishe niongee na ndugu yangu.

Orm, mama anaumwa. Ile mvua ya langoni kwenu imeingia kifuani. Hali kitu zaidi ya mchuzi wa maharage na mkate uliolowekwa. Gunnild ndiye anayemgeuza kitandani, huyo huyo ninayetakiwa kumfukuza. Soksi nzito anazo, asante kwa ushauri.

Anataka jambo moja. Azikwe pembeni mwa baba, na wale watoto watatu waliokufa kabla yako. Nilimwambia, "Mama, nafasi ipo hapa Overby." Akanijia juu. "Nafasi ya mawe! Nimelala na baba yako maisha yangu yote, leo unanipeleka wapi nikalale peke yangu? Mwambie Orm. Yeye yuko ndani, atafungua."

Nikamwambia, "Orm hana ufunguo, mama."

Akasema, "Orm ni mwanangu. Ufunguo wa nini?"

Muombe Abate wako. Kila siku mnapiga magoti mpaka yanaota sugu. Goti moja tu liwe la mama.

Gamel

*

Bonde la Nuru, juma la kwanza la Majilio, 1148

Kaka,

Nimeomba. Nilipiga magoti mkutanoni mbele ya ndugu wote. Baba Abate amekataa, na sababu zake ni hizi: kwamba ua ni wa wamonaki, kwamba mama ni mwanamke, na kwamba kumlaza pembeni mwa padri ni kuufundisha umma kwamba ile ilikuwa ndoa.

Ametoa nafasi nje ya ukuta, upande wa zizi la kondoo. Ni mahali pakavu. Misa itasomwa kwa ajili yake. Nimekubali kwa niaba ya familia.

Kaka, nakuomba, usifanye jambo lolote. Nakufahamu. Subiri.

Ndugu Simoni

*

Bonde la Nuru, siku ya tatu baada ya Kutolewa Bwana Hekaluni, 1149

Kwa Gamel, anayejiita padri wa Harskeld,

Siku ya sikukuu yenyewe, Misa kuu ikiendelea, saa ambayo hakuna mmoja wetu anayeruhusiwa kutoka wala kufungua kinywa isipokuwa kuimba, uliingia langoni kwangu na wanaume wa Overby. Mlimsukuma bawabu, mkavunja ardhi iliyoganda kwa sururu, mkamzika mwanamke katikati ya ua wetu. Ndugu waliokuwa karibu na mlango walikufanyia ishara za mikono, ambazo ndiyo lugha yetu saa za ukimya, wakikuamuru uondoke. Nimearifiwa kwamba uliwajibu kwa ishara zako mwenyewe, ambazo hazimo katika lugha yetu.

Bawabu anasema ulijitetea hivi: sheria inakataza mwanamke kukanyaga, na mama hakukanyaga, alibebwa. Hiyo ni hoja ya mlevi sokoni. Hata hivyo sisi ni watu wa sheria, tukaijadili mkutanoni. Ndugu Hamo, aliye mzee kuliko wote, alisema maiti si mwanamke tena wala mwanamume, ni udongo unaosubiri ufufuo. Wengine wakajibu kwamba siku ya ufufuo atafufuka mwanamke, tena atafufukia ndani ya ua wetu, nasi wote tukiwepo. Hoja hii ndiyo iliyoshinda.

Mpaka alipotolewa, kengele haikupigwa na ibada zilisimama. Kazi ya kumtoa nilimpa mtu ambaye utii wake sina shaka nao. Ameifanya leo asubuhi bila kunung'unika. Kengele utakuwa umeisikia.

Warin, Abate

*

Overby, siku hiyo hiyo

Orm,

Kengele nimeisikia. Mtu gani huyo?

Niandikie kwamba ni Ketil, nitamsamehe Ketil. Niandikie kwamba ni yule bawabu. Niandikie jina lolote, hata la uongo, nitaliamini.

Gamel

*

Bonde la Nuru, siku iliyofuata

Kaka,

Ni mimi.

Simoni

*

Overby, Jumatano ya Majivu, 1149

Kwa Simoni,

Nimelikuta kaburi pale zizini. Umelipangia mawe pembeni, juu umerudisha majani kipande kwa kipande, vizuri kabisa. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Kama ungemtupa nje kwa fujo ningesema ulilazimishwa. Wewe ulikaa chini ukafanya kazi safi, kwa mikono aliyoiosha yeye.

Mama alikufa akisema utafungua. Sikumwambia vinginevyo. Namshukuru Mungu sikumwambia.

Mkataa kwao mtumwa, na wewe umechagua bwana wako. Watoto wangu nimewaambia baba yao hana mdogo. Usiniandikie tena. Ukiandika sitasoma, na Abate wako atapata hasara ya macho bure.

Gamel

*

Abasia mpya, bonde la kusini, juma la Pentekoste, 1154

Kaka Gamel,

Barua hii hajaisoma mtu. Abate Warin alifariki wakati wa Pasaka, na Bruda Ketil, ambaye bado yuko na kondoo wa huko, ameificha kwenye mkokoteni wa sufu. Unaweza kuichana. Lakini isome kwanza, kwa sababu nimelivumilia jambo hili miaka yote hii na sasa silivumilii.

Unajua tuliondoka. Mvua ilituozeshea shayiri ikiwa bado imesimama, mwaka baada ya mwaka, na waporaji kutoka kaskazini walituibia kondoo wengi. Vuli iliyopita Baba Abate alisema mahali pale pana laana. Tukang'oa boriti, milango, kengele na vigae, tukapakia, tukaja huku. Mimi nilipanda mkokoteni wa mwisho. Nina hakika mlikuwa mlimani mnacheka.

Uliniuliza kama niliishika kamba. Niliishika. Sasa na mimi nina swali, na wewe utanijibu kama ulivyotaka nikujibu.

Ulipompitisha mama langoni, hukujua nani angepewa jembe?

Usijifanye hukujua. Wewe ni mwerevu, daima umekuwa mwerevu kuliko mimi, baba alisema mbele ya watu. Ulimjua Warin ni mtu wa namna gani. Uliimba, ukawatukana ndugu zangu kwa vidole, ukapanda Overby kunywa pombe ya matanga, na wanaume wakakusifu. Mimi nikabaki na mama. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Fahali mlikuwa wewe na Warin, na nyasi ilikuwa mama.

Nilikuandikia neno moja: subiri. Ulidhani Ndugu Hamo maneno yale ya udongo na ufufuo aliyatoa wapi? Tangu Majilio nilikuwa naongea naye kwa vidole, kila siku, saa ya kunawa mikono. Alikuwa amekubali. Wengine wawili walikuwa wameanza kukubali. Baada ya Pasaka mgeni wa kutukagua alikuwa anakuja kutoka nyumba mama, abasia iliyotuanzisha, na Hamo alikuwa tayari kusimama mbele yake. Ningekuandikiaje hayo, na macho ya Abate yapo juu ya kalamu? Nikakuandikia "nakufahamu", nikidhani na wewe unanifahamu mimi.

Warin aliponipa jembe ningeweza kukataa. Nimekuwa nikiambiwa na moyo wangu kwamba ningeweza. Aliyekuwa anafuata kupewa ni mtumishi wake wa zizini, yule anayevuta kondoo waliokufa kwa ndoano. Nikalichukua mimi. Nilimbeba peke yangu, kaka. Alikuwa mwepesi. Wewe hujui alivyokuwa mwepesi, mlikuwa wengi mlipombeba.

Kwa hiyo usiniambie habari za kazi safi.

Sasa kifua changu nacho kimekwisha. Huku tunazikwa kwa safu, bila jina, na wengine ni watu ambao sijawahi kusikia sauti zao. Sitaki. Ua wa Harskeld haupo tena, lango halipo, na hakuna wa kumzuia mwanamke. Mrudishe mama ndani, pembeni mwa baba, kama alivyotaka. Na mimi niwekee nafasi karibu nao. Abate mpya amesema atauruhusu mwili wangu uletwe.

Ukikataa, andika kwamba umekataa. Usinyamaze.

Mdogo wako,
Orm

*

Overby, sikukuu ya Yohane Mbatizaji, 1154

Orm,

Barua yako niliisoma nikaitupa chini, Gunnild akaiokota. Nikaichukua tena nikaitupa tena. Akaniambia, "Ukiitupa mara nyingine nitamjibu mimi, na mimi sijui kuandika, kwa hiyo nitakwenda kwa miguu." Ndiyo maana najibu.

Nimekasirika kwa sababu umenitukana. Nimekasirika zaidi kwa sababu ni kweli. Nilijua nani angepewa jembe. Sikulisema hata moyoni, lakini nilijua, na nilitaka ulikatae mbele yao wote. Nilimpitisha mama langoni ili nione mdogo wangu ni wa nani. Haya, umejibiwa. Usinidai jibu jingine mwaka huu.

Ila kucheka, hapana. Hatukucheka. Mlipoondoka tulishuka na mikokoteni yetu, na vyungu, na kuku ndani ya vikapu, tukidhani tunarudi nyumbani. Tukakuta mabruda watano na mbwa, na hati ya Bwana Drogo kwamba bonde ni malisho yenu milele. Milele! Mlituhamisha ili mkae ninyi, ninyi mkahama, na sisi bado haturudi. Harskeld haipo, Bonde la Nuru halipo, ila zizi. Kondoo wanalala aliposimama baba na kikombe mkononi.

Unasema nimrudishe mama ndani. Ndani pa nani, Orm? Mimi simpeleki mama chini ya miguu ya kondoo wenu.

Nilishuka na wanaume, tena safari hii na wanawake. Ketil akageukia upande wa pili akawa anawahesabu kondoo, mtu mwema yule. Tukamtoa baba. Tukawatoa wale watoto watatu, mifupa yao yote ikaenea kwenye kikapu kimoja cha mayai, na Gunnild ndiye aliyekibeba. Tukampelekea mama wote, palepale ulipomlaza wewe. Mahali ulipochagua ni pakavu, nakupa hilo, hilo tu. Kisha watu wa ukoo wa Thorfin, majirani zetu, wakaja na wao, na wajane wa kule mtoni na wao, kila mtu na gunia lake. Wafu wote wa Harskeld sasa wamelala nje ya ukuta wenu, wakizunguka kaburi ulilochimba. Ndani hatukuwaachieni hata mmoja.

Nafasi unayotaka ipo, mkono wa kushoto wa mama. Mara mbili watu wameniomba niwape, nimekataa, wakaniona mchoyo, na mimi mwenyewe sikuweza kuwaeleza ni ya nani.

Lakini maiti yako siipokei. Ukiletwa umefungwa sanda na wamonaki wakiimba, naapa nitasimama njiani na sururu niwarudishe walikotoka. Njoo hai. Njoo ukikohoa, panda huo mkokoteni wa sufu, mwambie Abate wako anachotaka kusikia au usimwambie kitu. Gunnild atakupikia uji, atakutukana, na utaula. Ukipata nguvu kidogo nitakushika mkono tushuke wote wawili, na shimo lako utalianza wewe. Jembe unalijua.

Ukichoka, nitamalizia mimi.

Kaka yako,
Gamel